Keke ya Ami

Umeme ulipokatika Unguja Disemba 2009 tulidhani ni mambo ya siku mbili tatu. Njia inayotuletea umeme kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ilipata hitilafu, na taa hazikuwaka tena hadi Machi 2010. Binamu yangu wa Chake Chake alikuwa akinipigia simu makusudi kunicheka, maana Pemba wakati ule walikuwa na majenereta yao wenyewe.

Kwetu Mtoni jenereta ilikuwa gari ya baba, Corolla kuukuu iliyokula chumvi ya bahari mpaka milango ikatoboka. Kila jioni baada ya Magharibi aliiwasha chini ya mwembe, na majirani wakaja na simu zao kuchaji. Baba hakutaka senti ya mtu. Mama ndiye aliyepokea mia mbili mbili kimyakimya kupitia dirisha la jiko, na sukari ya miezi ile, leo naweza kusema, ilitoka humo.

Wiki ya tano mkanda wa altaneta, ile inayochaji betri ya gari, ukaanza kulia. Ulikuwa umelegea tu. Kazi yake ni ya dakika kumi: unalegeza bolti ya juu, unaisukuma altaneta nje mpaka mkanda ukaze, unafunga. Mimi nilikuwa nimesoma ufundi mwaka mmoja na kiburi cha kujua kilinijaa. Bolti ilikataa, nikaichomeka spana namba 12 kwenye kipande cha bomba ili nipate nguvu zaidi, nikavuta.

Tak.

Kichwa cha bolti kilibaki ndani ya spana. Kwenye sikio la altaneta pakabaki kidoti cha chuma, kinang'aa katikati kama kijishilingi, pembeni kimezungukwa na pete ya kutu. Baba aliinama akatazama. Akasema, "Haya." Afadhali angenitukana.

Nilijaribu kukizungusha kwa patasi na nyundo, nikakichakaza tu. Fundi wa kuchomea mwenye jenereta alikuwa na foleni ya watu wa siku nne, na bei yake ilikwenda na petroli. Drili ninayo, lakini drili bila umeme ni jiwe lenye waya.

Ami yangu ni fundi wa majahazi, kazi yake ni pale Maruhubi. Gari hajui hata inawashwaje. Alikuja Jumapili kutusabahi, akanikuta barazani na altaneta mapajani, nimeshaifungua yote, akauliza swali moja: "Hicho kikitoka, kinazunguka upande gani?"

"Kushoto, ami."

Akakipapasa kwa ukucha. "Kimevimba humo. Usikipige tena, mwanangu. Kinyweshe."

Tukakinywesha. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, tone moja moja, siku tatu. Ndipo akarudi na keke yake. Wasioijua: ni kijiti cha mti mgumu chenye ncha ya chuma chini, kifuu cha nazi cha kukandamizia juu, na uta ambao kamba yake imezungushwa kijitini. Unavuta uta kama mpiga fidla, ncha inazunguka kulia, halafu kushoto. Ncha yake ya kutobolea mbao haikufua dafu, basi tukaitoa tukafunga ncha ya drili yangu, milimita 4, kwa uzi wa kushonea matanga.

Kabla ya hapo alitumia karibu nusu saa kutafuta katikati ya kile kidoti, msumari wa zege mkononi, anagonga kidogo, anafuta, anatazama, anagonga tena. Mimi miguu ilikuwa inaniwasha. Baadaye nilielewa: bolti ni chuma, sikio ni aluminiamu, na ncha ikiteleza hukimbilia kwenye kilicho laini. Ungekuwa mwisho wa altaneta.

Kri, kra, kri, kra. Ncha ya drili hukata ikienda kulia tu, ikirudi inapumzika, kwa hiyo nusu ya jasho lake lilikwenda bure. Unga wa chuma ukatoka mweusi kwa oili. Nilishika kandili mpaka mkono ukafa ganzi. Isha ikapita, tukafikia tundu la kina cha ukucha wa kidole gumba.

Akachukua tupa ndogo ya kunolea msumeno, akagongea mkia wake tunduni mpaka pembe zake zikauma chuma. Kisha akasema tukipashe moto, sikio na si bolti. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hilo nilifundishwa darasani, lakini yeye hakusema habari ya kutanuka. Alisema tu, "Leteni pasi."

Pasi ya mkaa. Mama aliitoa shingo upande. "Mkiipaka oili, nguo za Ijumaa mtapiga kwa viganja vyenu."

Tuliibananisha ncha ya pasi na sikio la altaneta mpaka mafuta yakafuka moshi. Ami akaikamata tupa kwa koleo, akazungusha kushoto, taratibu, kama anayepima joto la maji. Ikatoa mlio mdogo. Akarudisha kulia kidogo, kisha kushoto tena. Kikaanza kutoka, na meno yake yamejaa unga mweupe kama chumvi. Hiyo ndiyo kutu ya aluminiamu. Miaka yote nilikuwa nadhani kutu ni nyekundu tu.

Asubuhi nikanunua bolti mpya Darajani, nikaipaka grisi tele, nikaifunga kwa mkono mmoja. Jioni simu kumi na tisa zilikuwa kwenye gari.

Ijumaa baba alirudi msikitini akavua kanzu yake nyeupe. Mgongoni, wazi kabisa, palikuwa na alama ya pembe tatu, nyeusi, ya ncha ya pasi. Aliitazama, akanitazama.

"Haya," akasema.