Korosho kwenye mashine ya sweta

Kanga huchapwa juu ya kitambaa cha pamba ambacho tayari kimekwisha kufumwa, na ndiyo maana mchoraji wake anaweza kuweka korosho, ua au jogoo mahali popote anapotaka bila kuujali uzi ulioko chini ya rangi. Sweta haina uhuru huo. Kila doa la rangi kwenye sweta ni kitanzi, na kila kitanzi kimeshikana na vile vinavyokizunguka, kwa hiyo anayebuni mchoro wa sweta hubuni papo hapo uzito wake, mvutiko wake na namna itakavyoning'inia mwilini. Tangu nianze kusomea ubunifu wa nguo nimekuwa nikiulizwa kwa nini nisijikite kwenye michoro ya vitenge, kazi ambayo soko lake linajulikana, badala ya kuhangaika na mashine za kufuma. Badala ya kujibu kwa maneno, niliamua kuichukua kanga nzima, yaani pindo lake la kingoni, mji wake wa katikati na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini, nikaipeleka kwenye mashine ya sweta ili nione ni wapi mashine itakubali na ni wapi itagoma.

Mashine niliyokulia nayo ni ya shangazi yangu, ambaye hufuma sweta za shule huko Njombe, mji ambao baridi yake ya Juni na Julai inatosha kumtafutia fundi wateja. Ni mashine ya mkono yenye mabamba mawili ya sindano yaliyoegemeana kwa umbo la herufi V iliyopinduliwa, na kigari kinachosukumwa kushoto na kulia juu yake. Ukoo wake ni wa zamani. Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589. Sindano yenye kilimi cha chuma kinachofunguka na kujifunga chenyewe ilipatikana katika miaka ya 1840, ikihusishwa na Matthew Townsend wa Leicester. Na mwaka 1863 Mmarekani Isaac Lamb akaleta mashine bapa ya mabamba mawili, ambayo Édouard Dubied aliiona kwenye maonyesho ya Paris ya 1867 na kwenda kuitengeneza Couvet, Uswisi. Shangazi hana haja ya habari hizi, lakini mimi zilinisaidia kuelewa kwamba kile anachokifanya kwa mkono wake wa kulia ni kazi ileile: kilimi kinafunguka, uzi mpya unalazwa kwenye ndoano, kilimi kinafunga, kitanzi cha zamani kinapita juu yake na kudondoka.

Kwa kutumia bamba moja tu unapata kitambaa laini, kile cha kifuani mwa sweta, ambacho mbele kina alama za V zilizopangana wima na nyuma kina matuta madogo ya mlalo. Ukikitoa kwenye mashine hakikubali kulala. Kingo za pembeni hujikunja kuelekea nyuma, na kingo za juu na chini hujikunja kuelekea mbele, kwa sababu uzi uliolazimishwa kupinda ndani ya kila kitanzi unatafuta kunyooka, na vitanzi vyote vinaelekea upande mmoja. Fundi hulimaliza tatizo hilo kwa kufuma ukanda unaovutika wa kiunoni na mikononi, ambamo bamba la mbele na la nyuma hupokezana sindano kwa sindano, na nguvu za kujikunja zikafutana. Mimi nilitaka kuuacha mkunjo ufanye kazi. Nilifuma vipande vyenye mistari mipana inayobadilishana, mmoja ukitazamisha mbele ya vitanzi na mwingine nyuma, nikapata kitambaa kinachojikunja chenyewe kuwa mabomba ya mlalo bila mshono wala pasi. Shangazi alikiminya mkononi, akasema: "Hiki mwanangu ni kizuri, lakini kinakula uzi wa sweta mbili." Alikuwa sahihi kabisa, na hesabu hiyo ya uzi inapaswa kufundishwa darasani kabla ya nadharia ya rangi.

Korosho, hata hivyo, haiwezi kufumwa kwenye mashine ile isipokuwa kwa kuchagua sindano moja moja kwa vidole katika kila safu. Kwa kazi hiyo nilinunua mashine ya Brother ya mtumba, ya nyumbani, yenye sindano 200 zilizoachana milimita 4.5, na inayosoma kadi za matundu. Wazo la kadi lilitoka kwenye vitanda vya kufumia hariri vya Ufaransa, kwa Jacquard, mwanzoni mwa karne ya 19: palipo na tundu, sindano inachukua rangi ya pili, pasipo na tundu, inabaki na rangi ya msingi. Mashine za namna hii zina ugonjwa mmoja unaojulikana kwa kila anayezinunua zikiwa kuukuu. Juu ya sindano hupita chuma chembamba kilichobandikwa sponji, ambayo huzikandamiza zisielee, na sponji hiyo huoza kwa miaka. Mashine yangu ilikuwa ikidondosha vitanzi ovyo mpaka nilipokichomoa chuma hicho na kukuta ungaunga mweusi unaonata. Nilikikwangua, nikakata utepe wa sponji ya godoro na kuugandisha kwa gundi, na kuanzia hapo sindano zikatulia. Nalitaja jambo hili kwa sababu mtu anaweza kuitupa mashine nzima kwa kosa la sponji ya bei ya soda.

Sasa mchoro. Kadi hurudia kila baada ya vitanzi 24, wala haina namna ya kuzidi hapo kwa upana, kwa hiyo korosho yangu ilipaswa kuingia ndani ya vitanzi 24 pamoja na nafasi ya kupumulia pembeni yake. Ugumu wa kwanza ni kwamba kitanzi si mraba. Kwenye sampuli yangu ya rangi moja, sentimita 10 zilibeba vitanzi 28 kwa upana lakini safu 40 kwa urefu. Mchoro wa miraba 24 kwa 24 uliochorwa kwenye daftari la hesabu ungetoka na upana wa sentimita 8.6 na urefu wa sentimita 6 tu, na korosho iliyobonyezwa kiasi hicho inafanana na maharage. Ukifuma kwa rangi mbili vipimo hubadilika tena, kwa sababu uzi usiotumika hupita nyuma na kukifanya kitambaa kiwe kinene na kisogee ndani. Sampuli ya rangi mbili ilinipa vitanzi 30 na safu 36. Hiyo ndiyo niliyoifuata. Nilijichorea karatasi yenye vijumba vya uwiano huohuo, nikachora korosho upya humo, na mkia wake ulioinama nikaushusha kwa ngazi: vitanzi viwili upande, safu moja juu, kitanzi kimoja upande, safu moja juu, kisha kitanzi kimoja kwa safu mbili pale mkunjo unapokaza. Macho huziunganisha ngazi hizo kuwa mviringo ukisimama hatua mbili kutoka kwenye kitambaa. Ukisogea karibu unaziona zote, na sioni sababu ya kuzificha.

Ugumu wa pili uko mgongoni. Pale ambapo tumbo la korosho lina vitanzi kumi vyeupe mfululizo, uzi mwekundu wa mji unapita nyuma yake ukiwa huru kwa zaidi ya sentimita tatu, na uzi huru wa urefu huo utanasa pete, kucha au kidole cha mtoto mchana wa kwanza utakapovaliwa. Kanuni ninayoifuata ni kutozidisha vitanzi vitano bila rangi nyingine kuingilia. Nilipoitekeleza, tumbo la korosho likajaa nukta. Hapo ndipo nilipogundua, kwa furaha, kwamba wachoraji wa kanga nao huzijaza korosho zao nukta na vijani, tena wao bila kulazimishwa na uzi wowote; nukta ambazo kwangu ni misumari ya kushikilia uzi, kwenye kanga ni mapambo tu. Mashine zenye mabamba mawili zinaweza kuondoa nyuzi huru kabisa kwa kuzifumia nyuma ya kitambaa, lakini kitambaa kinakuwa kizito, na kanga nzito ni blanketi.

Pindo ndilo lililonichosha na kunifundisha zaidi. Kanga ina pindo pande zote nne, na mashine ya kadi haijui pembeni wala katikati: kile kinachofumwa kwenye sindano ya kwanza kinarudiwa kwenye ya 25, ya 49, na kuendelea mpaka mwisho wa bamba. Pindo la juu na la chini ni jepesi kulifuma, kwa kubadilisha kadi. Yale ya pembeni hayawezekani ndani ya kipande kimoja bila kuchagua sindano kwa mkono katika kila safu. Niliamua kulifuma pindo peke yake, kama ukanda mrefu wenye upana wa sentimita 10, wa rangi moja moja kwa kupokezana nyeusi na nyeupe, ili mistari yake isimame kama meno kuelekea ukingoni, kisha ukanda wenyewe ukunje kona na kuuzunguka mji.

Kona hufumwa kwa kuzipumzisha sindano. Unazisukuma sindano za upande wa ndani mbele, kidogo kidogo, zisifume ingawa vitanzi vyake bado viko juu yake, huku za upande wa nje zikiendelea; upande wa nje unarefuka, wa ndani umesimama, na ukanda unaanza kugeuka. Maelekezo mengi husema upumzishe sindano moja kila baada ya safu mbili. Kwa kitanzi changu hesabu hiyo haitoi kona ya kanga. Ukanda wangu una sindano 28, ambazo ni sentimita 10, na ili mstari wa kona ukae kati kwa kati, upande wa nje lazima nao upate sentimita 10 kabla sindano hazijaisha, yaani safu 40. Sindano 28 kwa safu 40 ni sindano saba kwa kila safu kumi, na kwa kuwa kigari hurudi kila safu mbili, nina mizunguko mitano ya kuzigawia: moja, mbili, moja, mbili, moja. Kisha unazirudisha kazini kwa mpangilio huohuo kinyumenyume, na ukanda unatoka ukiwa umepinda kwa pembe ya digrii 90, meno yake yakiwa yametanuka kwenye kona na kufumba tena yanaponyooka. Hakuna mkasi uliohusika. Fundi anayeshona kona kwa kukata na kuunga anaweza kuipata haraka zaidi, nakubali, lakini meno yake yatakatika pale pale ambapo jicho linatua.

Kuhusu uzi nitasema kwa ufupi. Nilifanya kazi hii kwa akriliki, uzi uleule wa sweta za shule, kwa sababu unapatikana kwa rangi zote na bei yake si kali. Pamba haina mvutiko na hukwama kwenye ndoano mpaka uipitishe kwenye kipande cha mshumaa. Akriliki ina tabia moja ya kuheshimu: mvuke wa pasi ukiipata sawasawa, huachia mvutiko wake wote na kulegea moja kwa moja, wala haurudi hata ukiifua. Kwenye ukanda wa kiunoni wa sweta huo ni msiba. Kwenye kitambaa cha kujitanda ndicho nilichokuwa nakitafuta, na kipande kilichokuwa kigumu mithili ya zulia la mlangoni kikaanza kumwagika begani kama mtandio.

Limebaki jina. Herufi moja inayosomeka inahitaji vitanzi vitano na kimoja cha nafasi, kwa hiyo vitanzi 24 vinabeba herufi nne tu, zinazojirudia mpaka mwisho wa kitambaa. Unaweza kuandika "pole" au "njoo", na kanga haijawahi kuridhika na maneno machache kiasi hicho. Njia niliyoichukua ni kuzilaza herufi ubavu, ziende kwa urefu wa kadi badala ya upana wake, nifume jina kama ukanda wa peke yake na kulishonea chini ya mji. Kadi tatu za safu 60 zilizounganishwa zinatosha kwa "Wema hauozi". Herufi zikilala, nguzo zake zinakuwa safu nzima za rangi ya pili, vitanzi 15 bila kuingiliwa, na tatizo la uzi huru mgongoni linarudi kwa nguvu kwenye M, kwenye H, kwenye I. Nimezivunja nguzo hizo kwa kuacha sehemu moja bila tundu kila baada ya vitanzi vinne, na kwenye safu inayofuata nafasi hizo nimezisogeza ili zisipangane. Ukanda wa kwanza ulitoka wiki hii. Shangazi ameusoma wote kwa sauti bila kukwama, kisha akasema herufi zangu zina ndui. Nitauacha hivyo hivyo, kwa sababu ndui hizo zinafanana na za korosho.