Sanduku la dawa lililokuwa na kufuli

Nashika hesabu za karakana ya kaka yangu Mwanakwerekwe, Unguja. Tunatengeneza milango, vitanda na makabati. Mafundi ni sita, na wa saba ni Ami, ambaye siku hizi kazi yake kubwa ni kukaa juu ya kibao na kuwaambia wenzake wapi wamekosea.

Sanduku la huduma ya kwanza tulikuwa nalo. La bati, jeupe, limetundikwa ukutani juu ya makopo ya vanishi. Kufuli nililitia mwenyewe, kwa sababu plasta zilikuwa zikiisha na hakuna aliyeumia.

Siku kijana wetu anayejifunza kazi alipoteleza na patasi, ikamwingia kiganjani chini ya dole gumba, ufunguo ulikuwa mkobani mwangu, na mimi niko Darajani natafuta bawaba. Wananipigia simu, mimi nimo ndani ya daladala. Ami akaagiza kahawa ya unga itiwe kwenye jeraha, mwengine akaleta kitambaa cha kufutia vanishi, na mwisho wakamkaza mkono kwa ukanda wa mpira wa baiskeli mpaka vidole vikabadilika rangi. Hospitali walimshona nyuzi 7, wakampiga na sindano ya pepopunda. Lakini kabla ya uzi, muuguzi alikaa kitambo akiosha kahawa, chembe kwa chembe, na kijana anauma meno. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni ile nikalifungua sanduku. Mkasi una kutu haufunguki. Plasta hazishiki hata kwenye karatasi. Chupa ya spiriti kavu. Na chupa ya dawa ya kikohozi, sijui nani aliitia. Huku kwetu chumvi ya kitoweo tu tunaitilia punje za mchele isigande. Sanduku la bati masika matatu litabaki salama vipi?

Nikaenda duka la dawa na orodha ndefu. Yule dada muuzaji hata hakuisoma, akaniuliza, “Kwani kwenu watu huumia nini?” Sikuwa na jibu. Nikarudi kuwauliza wenyewe, na jibu lao halikufanana na orodha yangu. Vibanzi vya mbao kila siku. Vumbi la msasa machoni. Mikato ya mikono. Mara mojamoja, kuungua.

Kwa hiyo nilinunua vitu vichache kwa wingi: gozi (vitambaa vyepesi vya kufunikia jeraha) zilizofungwa mojamoja, bandeji pana na nyembamba, plasta ya roli, glavu, kibano chenye ncha kali, sabuni, na chupa za maji safi za kuoshea macho. Pamba niliiacha dukani, maana nyuzi zake hunasa kwenye kidonda. Spiriti nilinunua, lakini ni ya kusafishia kibano, si ya kumwagia jeraha bichi. Kwa kuungua sikununua kitu. Dawa yake ni bomba la uani: maji yanayotiririka dakika 20, na dawa ya meno ibaki ya meno.

Sanduku jipya ni ndoo nyeupe ya aiskrimu yenye mfuniko unaobana. Ndani kila kitu kimo kwenye mfuko wake wa plastiki. Nimeiweka mlangoni, kwenye kivuli, pahala ambapo hata mwenye mkono mmoja ataifikia. Haina kufuli.

Panadoli ndizo zilizonisumbua. Wiki ya kwanza ziliondoka zote, kwani kila anayeumwa kichwa kwa jua alijihudumia. Nikazihamishia kwenye droo yangu, anayetaka aniombe. Ndooni ni vitu vya majeraha tu, na daftari dogo limefungwa kwa kamba: ukichukua, andika. Tarehe 1 ya kila mwezi, nikishalipa kodi ya banda, nasoma daftari na kujaza pengo. Gharama yake haifiki hata ya debe moja la vanishi.

Tulifanya na mazoezi, Ijumaa kabla ya swala. Jeraha linalotoka damu: vaa glavu, weka gozi, kandamiza kwa kiganja dakika 10 bila kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza gozi juu yake, ya chini usiitoe. Mkono uinuliwe juu. Kwa msumeno wa mashine, Mungu atuepushe, kidole kikikatika kinazungushiwa gozi yenye unyevu, kinatiwa kwenye mfuko uliofungwa, na mfuko ule ndio unaowekwa kwenye barafu. Barafu yenyewe isikiguse kidole. Nimeshazungumza na jirani anayeuza juisi ya ukwaju, barafu yake ni yetu saa yoyote.

Ami alisikiliza kimya hadi mwisho. “Na kahawa je, mwanangu?”

“Kahawa tunywe, Ami.”

Akacheka. Juzi nimekuta mwandiko wake kwenye daftari: “Kibanzi. Plasta 1.” Ila mkasi bado nahangaika nao. Wa kwanza ulipotea, wa pili nikaufunga kwa kamba kwenye mpini wa ndoo, na leo asubuhi nimemfuma Ami amebeba ndoo nzima hadi kwenye kibao chake, anakatia msasa.