Lubumbashi mwisho wa Agosti: asubuhi triko, mchana jasho

Tulienda Lubumbashi, kusini ya Kongo, mwisho wa Agosti 2023, mimi, baba watoto, watoto wetu watatu na mama mkwe, juu dada yangu mkubwa alikuwa anaozesha binti yake na watoto walikuwa bado wako vakansi. Hapa kwetu Bukavu, mashariki, kila mtu alitupa shauri lile lile, Katanga, upande ule wa Lubumbashi, ni joto, bebeni nguo nyepesi. Dada mwenyewe ndiye alipiga simu usiku akasema usisikilize hao watu, bebea watoto triko (sweta) na kofia za kufunika masikio, na nguo za jua bebea vilevile, huku kwa siku moja utavaa zote. Basi triko zote, soksi na blanketi ya mama mkwe nikaziweka kwenye valizi kubwa ya buluu, nikaifunga na kamba, nguo nyepesi zikaenda kwenye mifuko ya mkononi.

Boti mpaka Goma tulisafiri vizuri, ziwa lilikuwa limetulia. Shida ilianzia kwenye mzani wa uwanja wa ndege. Ajanti akasema valizi ya buluu imezidisha kilo, lipa. Nikamwambia basi nitoe triko tubebe mkononi, akakataa, mifuko ya mkononi imeshatosha. Nikatoa dola, akarudisha noti moja juu ina mpasuko mdogo pembeni, mpasuko wa kutafuta na macho, nikatoa ingine. Tukalipa. Na hapo tulikuwa tumeshatoa Go-Pass, ile kodi ya uwanja wa ndege, ya dola 10 kwa mtu, familia nzima ukipiga hesabu unasikia kichwa kinauma.

Tunafika Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, mizigo inatoka, valizi ya buluu hakuna. Tukangoja mpaka watu wote wakaisha. Ndipo wakatuambia ndege ilikuwa nzito, mizigo mingine imebaki Goma, itakuja na ndege ingine. Ndege gani, siku gani, hakuna mtu wa kujibu. Valizi tuliyoilipia kilo ndiyo waliyoiacha! Mpaka leo nikiliwaza hilo nakasirika.

Mchana ule hatukusikia uzito wake, juu jua lilikuwa kali kabisa, watoto wakavua viatu wakacheza na binamu zao nje ya nyumba ya dada. Usiku wa manane ndipo niliamshwa na mtoto wa mwisho analia, miguu yake kama barafu, baridi inapanda toka kwenye simenti. Asubuhi saa kumi na mbili simu ya baba watoto inaonyesha digrii 9. Saa nane mchana ikaonyesha 30. Mji ule ule, siku ile ile!

Shemeji alitueleza vizuri. Sisi Bukavu tuko karibu na ekweta na tuna ziwa Kivu, kwetu asubuhi na mchana hazipishani sana, mwaka mzima ni hali moja. Lubumbashi iko digrii 11 na zaidi kusini, na mwezi wa nane anga haina wingu hata moja, joto yote ya mchana usiku inatoka inaenda zake juu. Ndiyo maana sisi tunaoishi juu zaidi yao tulikuja kutetemekea kwao. Yeye kila asubuhi anawasha mbabula, jiko la makala (mkaa), nje, tunaizunguka. Mama mkwe aliomba iingizwe chumbani, shemeji akakataa kabisa na alikuwa na haki, makala katika nyumba iliyofungwa inaua watu wakiwa usingizini.

Tukaenda soko ya Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi, kutafuta triko za mitumba. Kijana muuzaji alisikia tu Kiswahili chetu, bei ikapanda. Akatoa triko ya kijani, ya sufu nzito, vifungo vitano, kimoja ni cha kahawia na vingine vyeusi, inanuka naftalini. "Mama, hii ni ya Ulaya, haichakaaka." Franka elfu kumi na tano. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii ni triko ya mtoto wa miaka sita, si koti ya mkubwa." Akacheka, "Mama, kwenu Bukavu hakunaka baridi, bei utaijulia wapi?" Anaigeuza mbele, anaigeuza nyuma, ananivutia shingo ya triko nione inavyorudi, lakini mkono wake wa kushoto hausogei pale chini ya kwapa. Mimi nilikuwa naangalia vifungo. Mama mkwe, ambaye toka tufike sokoni hakusema neno, akamshika kijana kiganja taratibu: "Mtoto yangu, toa kidole." Akatoa. Tundu, kidole kizima kinapita. Watu wa pembeni wakapiga kelele, kijana akainama, triko ikashuka mpaka elfu tano, na akatutafutia mwenyewe zingine mbili zisizo na tundu kwa bei hiyo hiyo. Mama mkwe alishona ile ya kijani jioni, na uzi wa kijani kweli, ukiangalia huoni.

Tulitembea zoo, makumbusho, tukaona ile cheminée kubwa, bomba la moshi la kiwanda cha shaba, watu wanapiga nayo picha. Harusi ilienda vizuri, michopo (nyama ya kuchoma) ilikuwa tamu. Ila kilichotuchosha kila siku ni ukavu. Midomo ya watoto ilipasuka, wa katikati alitoka damu puani mara kwa mara, vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya kabati. Na wakati ule wanachoma pori nje ya mji, upepo unaleta majivu meusi, yanatua kwenye nguo nyeupe ulizoanika, ukiyapangusa yanachora mstari, unafua tena. Mwavuli wa mama mkwe ulifanya kazi ya jua tu, mvua kule inangoja Oktoba, Novemba. Vazelini na fulari ya kufunika pua, hivyo ndivyo watoto walihitaji kuliko kitu chochote.

Valizi ilifika harusi imeisha. Pesa ya kilo nilidai ofisini, wakaniambia niandike barua, niliandika, jibu halijafika.

Nyumbani mimi sikuwahi kufikiria nguo ya mtoto asubuhi, namvalisha anaenda, jioni anarudi nayo. Tuliporudi, dada na shemeji wakataka kuja kwetu Disemba. Nikamwambia dada triko moja kwa mtu inatosha, lakini kila mtoto awe na buti za mpira, juu mwezi huo mvua ya mchana haikosi na tope la Kadutu, mtaa wa Bukavu, linavua kiatu mguuni. Na hizo buti wasiziweke kwenye valizi, wapande nazo ndege miguuni.