Homa Iliyogawa Kazi za Nyumba

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza mwezi wa Aprili mwaka 2018, mvua za masika zikiwa zimekolea. Wakati huo tulikuwa tukiishi Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja, Uganda, uliojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, ambako mpaka leo Msoga, Mteso na Mnubi wakitaka kuelewana bombani au sokoni hutumia Kiswahili. Uzazi wenyewe ulikwenda salama. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 nilikuwa na likizo ya siku 60 za kazi yenye malipo, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wa kurudi darasani mapema. Nilidhani kipindi kigumu kimekwisha.

Mama yangu alizaliwa Tanga, akaja Uganda kumfuata baba, na mambo ya arobaini aliyalinda kama alivyoyakuta kwao: mzazi hatoki nje ovyo, hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa leso, na hunywa uji wa pilipili manga asubuhi na jioni. Mama mkwe naye alifika kutoka Kamuli na gunia la viazi vitamu, ulezi wa kusaga, na vijiti vya emumbwa, yaani dawa za mitishamba zilizosagwa, zikachanganywa na udongo na kukaushwa, ambazo mtu huzisugua juu ya jiwe lenye maji kidogo na kunywa kile kinachotoka. Walipendana, lakini jikoni hawakupatana hata siku moja. Maadamu mama alikuwepo, mimi sikugusa ndoo wala sufuria. Kisha akaitwa Mbale kumuuguza dada yake, akaondoka, na arobaini yangu ikavunjika katikati.

Mama mkwe alikuwa na goti lililomsumbua, hivyo hakuweza kubeba kitu kizito. Mume wangu alitoka alfajiri kwenda kiwandani na kurejea usiku. Bomba la uani lilikuwa likikauka mara kwa mara, na maji yalipatikana ng'ambo ya barabara kwa foleni. Jerikani ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20, na mwanamke aliyejifungua karibuni akiinyanyua huhisi kila msuli wa tumbo ukimkumbusha alikotoka. Nikawa nachota maji, nafua nepi, napika, na katikati ya hayo namnyonyesha mtoto nikiwa nimeketi upande juu ya kigoda, jicho moja kwenye sufuria. Hakuna aliyenilazimisha. Kazi zilikuwa pale, na mimi ndiye niliyekuwa karibu nazo.

Jioni moja nilishikwa na baridi ambayo sikuielewa, kwa maana jua lilikuwa limewaka mchana kutwa. Viungo vikauma, meno yakagongana, nikajifunika blanketi mbili. Kwetu homa ya msimu wa mvua ina jina moja tu, na mama mkwe alilitaja kabla sijamaliza kueleza: malaria. Mume wangu aliporudi alikimbilia duka la dawa, na muuzaji, bila kuuliza lolote zaidi ya "ni mtu mzima au mtoto?", akampa dozi ya vidonge vya malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limekuwa likisisitiza kwamba malaria ipimwe kwanza ndipo itibiwe, lakini duka la pembeni ya barabara, saa tatu usiku, lina taratibu zake.

Vidonge hivyo sikuvimeza, na shukrani ni za jirani yetu, mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Sista. Mume wangu alikuwa amemwona akifunga geti, akamsalimia na kumweleza. Sista alikuja na tochi na ndala za bafuni, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuniuliza maswali ambayo muuzaji wa dawa hakuyafikiria. Damu inayotoka bado ni nyingi? Ina harufu mbaya? Tumbo linauma nikiligusa chini ya kitovu? Akaligusa yeye mwenyewe, taratibu, huku akinitazama usoni. Baadaye alinieleza kwamba homa baada ya kujifungua haipaswi kuchukuliwa kama homa nyingine, kwa sababu huenda ni maambukizi ya kizazi, na hayo ni miongoni mwa mambo yanayowaua wazazi. Uganda imepiga hatua kubwa katika hilo: utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka 2016 ulikadiria vifo 336 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 189. Hata hivyo, katika hao 189 wamo wanawake waliotoka hospitali wakipungiwa mkono na kupigwa picha, kisha homa ikawakuta nyumbani.

Asubuhi tulikwenda kituo cha afya, nikachomwa kidole, na kipimo cha haraka kikaonyesha mstari mmoja tu. Malaria haikuwepo. Muuguzi alipoambiwa kuwa nanyonyesha, akaniomba nifungue blauzi, na hapo sababu ikaonekana: maambukizi ya titi. Upande wa nje wa titi la kushoto palikuwa na eneo jekundu lenye umbo la kipande cha tikiti, pana kwa nje na jembamba kuelekea chuchu, gumu na la moto. Nilikuwa nimelihisi tangu jana yake, lakini maumivu ya matiti katika wiki zile yalikuwa mengi kiasi kwamba sikuyapa cheo. Akaniandikia dawa ya kuua bakteria isiyomdhuru mtoto anayenyonya, na ya kutuliza maumivu, akasisitiza nimalize dozi hata nikijisikia nafuu.

Mgogoro wenyewe ulianzia nyumbani. Mama mkwe alishikilia kwamba maziwa ya titi lenye homa yameharibika, hivyo mtoto anyonyeshwe upande mmoja tu, na huu uliovimba ukandwe kwa nguvu mpaka uchafu utoke. Sista alikuja mchana akamsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Kisha akasema, "Mama, maziwa haya hayana ubaya kwa mtoto. Tukimwachisha upande huu, maziwa yatatuama zaidi, na yakituama patatunga jipu, halafu tutamtafuta daktari wa kulipasua." Kuhusu kukanda, alisema titi lililovimba likisuguliwa kwa nguvu huumia ndani na kuvimba zaidi. Kitambaa cha uvuguvugu kidogo kabla ya kunyonyesha kinasaidia maziwa kushuka, na kitambaa kilicholowekwa maji baridi baada ya kunyonyesha kinapunguza uvimbe. Zaidi ya hapo, mikono ikae mbali.

Alinitaka nimnyonyeshe mtoto mbele yake, naye akaona mara moja kile ambacho hakuna mwingine alikuwa amekiona. Mtoto alikuwa akishika chuchu tu, ndiyo maana ilikuwa imepasuka. Sista alinitoa kwenye kigoda, akaniegemeza ukutani kwa mito miwili, akamgeuza mtoto tumbo likakutana na tumbo langu, akangoja mpaka alipopanua mdomo kabisa kama anayepiga mwayo, ndipo akamleta kwenye titi, si titi kwa mtoto. Kidevu kikagusa titi, mdomo wa chini ukabinuka kwa nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu ikaingia mdomoni. Maumivu yaliyokuwa yakinitoa machozi yakapungua papo hapo. Nimeona mabango mengi ya kunyonyesha katika korido za kliniki, lakini hakuna bango lililonishika bega na kuniambia nisiiname.

Nilidhani amemaliza. Akauliza, "Jana umekula nini?" Nikamhesabia: chai ya maziwa na mkate asubuhi, viazi vilivyobaki mchana, na usiku sikula kwa sababu ya homa. "Na maji alichota nani?" Mama mkwe akatazama goti lake. Sista akasema atarudi saa mbili usiku, mume wangu akiwepo, na akarudi kweli.

Kikao kile nakikumbuka kuliko uzazi wenyewe. Sista hakunihutubia mimi. Alisema mwanamke anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku kuliko alivyokuwa kabla ya mimba, kisha akamwuliza mume wangu chakula hicho kitatoka wapi na atakipika nani. Alisema mzazi anapaswa kulala mtoto anapolala, kisha akauliza nepi zitafuliwa saa ngapi na mikono ya nani. Mimi nilikuwa nimeshapewa ushauri huo wote kliniki wakati wa ujauzito: kula vizuri, pumzika, kunywa maji ya kutosha, usibebe mizigo. Wote ulikuwa sahihi, na wote ulielekezwa kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikijinyima usingizi kwa ukaidi. Nadhani hapo ndipo elimu yetu ya afya ya uzazi inapokwama. Inampa mama orodha, na jerikani inabaki palepale.

Chakula hakikuhitaji fedha nyingi. Masese si mbali na Walukuba, na mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria, walipatikana kwa bei ambayo mshahara wetu uliiweza. Sista alitaka waliwe wazima, na vichwa vyao, pamoja na maharage, mchuzi wa karanga, na mchicha tunaouita dodo. Uji wa ulezi wa mama mkwe aliusifu. Viazi vyake pia, hasa vile vyenye rangi ya chungwa ndani, ambavyo vina vitamini A kwa wingi. Alimwambia kwamba Mganda mwenzetu, mtafiti Robert Mwanga, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 pamoja na wenzake watatu kwa kazi iliyohusisha viazi vya aina hiyo, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kusikia mtu akituzwa kwa viazi, aliketi wima zaidi.

Emumbwa ilikuwa ngumu zaidi. Sista alieleza kwamba udongo hushika madini ya chuma tumboni yasifike kwenye damu, na kwamba mimi nilikuwa bado nameza vidonge vya kuongeza damu, ambavyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza viendelee kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua mahali ambapo upungufu wa damu ni tatizo la jamii. Chai nayo aliisogeza mbali na chakula kwa saa moja au mbili, kwa sababu hiyohiyo. Mama mkwe alinuna mpaka kesho yake jioni, kisha akavifunga vijiti vyake kwenye kitambaa na kuvirudisha mkobani. Maji ya moto ya mama yangu yalikuwa yamesalimika kwa kuwa mwenyewe hakuwepo kuyatetea, ila Sista alisema yawe ya uvuguvugu tu na yasikaribie mshono.

Kabla ya kuondoka aliniuliza kwa sauti ya chini kama nalia bila sababu. Nikasema nilikuwa nikilia wiki ya kwanza, sasa hapana. Akasema machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na huisha yenyewe, ila yakizidi wiki mbili, au nikianza kukosa hamu hata ya kumtazama mtoto, nisimwite jirani bali niende kwa daktari. Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Homa ilishuka siku chache baada ya kuanza dawa. Tulipokwenda kliniki ya wiki ya sita, mtoto alichomwa chanjo zake, akapewa matone, akapimwa uzito, na daftari likafungwa. Nikaomba nami nipimwe presha na damu, kama Sista alivyoniagiza. Muuguzi alishangaa kidogo, lakini alinipima, na kwa kuwa kiwango cha damu kilikuwa chini ya gramu 12 kwa desilita, akaniongezea vidonge. Tukazungumza pia kuhusu uzazi wa mpango, mazungumzo mafupi na ya maana.

Kuhusu maji, mume wangu alikubali tangu usiku ule wa kikao kwamba atayachota kabla ya kwenda kazini. Mama mkwe aliona ni aibu mwanamume kupanga foleni na wasichana akiwa ameshika jerikani. Basi mume wangu akaazima baiskeli, akafunga jerikani nne nyuma kwa mipira, jinsi wafanyavyo vijana wanaouza maji, na hilo likakubalika, kwa sababu juu ya baiskeli maji huwa biashara. Wiki iliyofuata jirani wa nyumba ya pili alimsimamisha na kumwuliza jerikani moja ni shilingi ngapi. Naye, ili kukata maneno, akamtajia bei, na jirani akalipa. Mama mkwe aliposikia kuwa maji yameingiza fedha, ndiye aliyeanza kumwamsha alfajiri.