Oktoba, Nar na Phu

Ramani ya Nepal iko mezani tangu asubuhi na sichoki kuitazama. Oktoba, Mungu akipenda, naelekea mabonde ya Nar na Phu, kisha nivuke Kang La, njia ya kupitia juu kati ya milima, takriban mita 5,300 juu ya usawa wa bahari, nishukie upande wa Manang. Kibali maalumu ni lazima, na mwongozaji pia.

Kinachonila muda ni mahali pa kulala. Ili mwili uzoee hewa nyepesi ya juu, ukipita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila siku tatu au nne upumzike. Nimeshaongeza usiku mwingine kijijini Phu. Wenzangu wanalalamika kwamba safari inarefuka, sibadilishi. Kichwa kikigonga na kutapika kukianza, dawa ni kushuka.

Mliowahi kupita, Kang La huwa na theluji nyingi Oktoba?