Dakika tano mbele ya kamati

Mapema mwaka 2016 nilimsindikiza dada mmoja, msusi, hadi bunge la jimbo la Nebraska, Marekani, mjini Lincoln, akatoe ushahidi mbele ya kamati ya afya. Muswada ulikuwa LB 898 (LB ni kifupi cha “muswada wa sheria” kwa Kiingereza) wa Seneta Nicole Fox wa Omaha, uliotaka wasusi waondolewe sharti la leseni. Sheria ya wakati ule ilimtaka anayesuka nywele kwa malipo awe na leseni ya utaalamu wa nywele na urembo, yaani masomo ya saa 2,100, ambayo sehemu kubwa haihusu kusuka kabisa.

Nebraska ina bunge moja tu tangu 1937, maseneta 49. Hakuna bunge la pili la kuchuja makosa, kwa hiyo kamati ndiyo chujio lenyewe. Na pale kila muswada lazima usikilizwe hadharani. Katika majimbo mengi mengine ya Marekani mwenyekiti wa kamati anaweza kuukalia tu hadi ufe.

Nyumbani tulipima kwa simu. Kurasa mbili za maelezo yake zilikula dakika nane, na shahidi aliruhusiwa tano tu. Tukabakiza ukurasa mmoja. Habari za dawa za nywele tulizitoa kwa makusudi ili tuulizwe, maana majibu ya maswali hayahesabiwi katika zile dakika tano.

Kwenye fomu ya shahidi kidogo tuharibu. Kwa vile alitaka kanuni za usafi zibaki, alikuwa anaweka alama kwa wasioegemea upande. Nikamzuia. Taarifa ya kamati huorodhesha majina kwa mafungu matatu: wanaounga mkono, wanaopinga, wasioegemea upande. Seneta ambaye hakuwepo siku ile husoma orodha hiyo, hasomi moyo wa mtu.

Mwenye muswada alianza, wakafuata wanaounga mkono. Dada akaketi, akataja jina lake na kulitamka herufi kwa herufi, kwani kila neno hurekodiwa. Taa ya kijani ikawaka. Alisoma polepole mno. Ya njano, inayobakiza dakika moja, ikamkuta katikati ya ukurasa. Akaacha karatasi, akainua vidole, akaonyesha hewani jinsi anavyogawa nywele mafungu matatu na kuzikaza. Hiyo ndiyo sehemu waliyoitazama wote.

Swali la kwanza likawa lile tulilolitegea: je, unatumia dawa? Akajibu hapana, ni mikono, kitana na rasta za kuongezea.

Baadaye wanaopinga, kisha wasioegemea, kisha mwenye muswada akafunga. Watu wengi hudhani kura hupigwa hapo hapo. Mara nyingi sivyo. Kamati hukaa kikao chake cha ndani siku nyingine. Umma hautakiwi, waandishi wa habari huruhusiwa. Kamati ile ya afya ilikuwa na wajumbe saba, kwa hiyo kura nne zinatosha kuupeleka muswada mbele ya bunge zima, ulivyo au pamoja na marekebisho. Wanaweza pia kuuua kwa kura, au kuuweka tu bila kuugusa, na hivyo ndivyo mingi inavyokufa: kimya kimya. Huu ulipita, na Gavana Pete Ricketts akausaini Machi mwaka huohuo.

Siku ile, tukiwa tumeshavaa makoti, karani wa kamati alitufuata na kalamu. Dada alikuwa ametaja mtindo mmoja wa kusuka, na mwandishi wa kumbukumbu hakuupata. Dada akasimama pale mlangoni akimtajia karani taratibu: T, W, E, N, D, E... Twende kilioni.