Nilivyopatanisha urefu wa video kati ya YouTube, n8n na Google Sheets

Kazi yetu ni kuandika manukuu ya video, na mteja hulipa kwa dakika. Urefu wa video hizo hutufikia kwa njia tatu: kutoka chaneli ya YouTube ya mteja, kutoka faili anazotutumia, au kutoka jedwali alilojaza mwenyewe. n8n, programu ya kuunganisha huduma mbalimbali ili kazi ijiendeshe yenyewe, hukusanya vyote na kuvipeleka Google Sheets, ambako ankara hutoka. Tatizo ni kwamba kila chanzo kina namna yake ya kuandika muda.

YouTube hufuata ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na muda. Video ya saa 1, dakika 4 na sekunde 9 huja hivi: PT1H4M9S. Mtu hushawishika kuikatakata kwa kutafuta H, M na S. Mimi sikutaka njia hiyo, kwa sababu kisichokuwepo huwa hakiandikwi. Saa mbili kamili ni PT2H, sekunde 45 ni PT45S, na matangazo ya moja kwa moja ambayo bado hayajaanza huja kama P0D, hata T haimo. Halafu kuna hiyo M: ikija baada ya T ni dakika, ikija kabla yake ni mwezi. PT1M na P1M vimepishana herufi moja tu, lakini jaribu kumtoza mtu manukuu ya mwezi mzima!

Bahati nzuri n8n inakuja na Luxon, maktaba ya msimbo wa kushughulikia tarehe na muda, basi mstari huu mmoja ukamaliza kazi:

{{ Duration.fromISO($json.contentDetails.duration).as('seconds') }}

Jibu ni 3849. Nikaweka sheria kwamba ndani ya mtiririko muda wote ni sekunde, nambari tupu, na jina la sehemu hiyo ni urefu_sekunde ili anayefungua nodi (hatua moja ya mtiririko) asibahatishe. Hata faili, ambazo tunazipima kwa ffprobe, programu ya kusoma taarifa za faili za video, zinaingia humo humo. ffprobe hutoa kitu kama 754.120000, mara nyingi kikiwa maandishi, kwa hiyo kipitishe kwenye Number() kiwe nambari kabla ya kukijumlisha, la sivyo utaunganisha tarakimu badala ya kuzijumlisha.

Jedwali la mteja ndilo lililonikalisha. Siku moja dada wa hesabu aliniita: “Kaka, hii klipu ya saa kumi na mbili nani anaiangalia?” Mteja alikuwa ameandika 12:34, akimaanisha dakika 12 na sekunde 34. Google Sheets ikiona nambari mbili na nukta pacha katikati, huzichukua kuwa saa na dakika, ikahifadhi 0.5236, maana kwake siku nzima ni 1. Ukizidisha kwa 86400 unapata sekunde 45240, mara 60 ya urefu halisi. Wengine huandika 1.30 wakikusudia saa moja na nusu, wakati kihesabu hiyo ni saa 1 na dakika 18. Hapa hakuna fomula ya kusoma nia ya mtu. Tuliwapa wateja jedwali lenye safu tatu, saa, dakika, sekunde, kila moja nambari kamili, na nodi inazigeuza kuwa sekunde na kuzijumlisha. Ni la kizamani kidogo, lakini hata anayejaza kwa simu hakosei.

Kurudi Google Sheets ni kugawanya tu: 3849 / 86400, kisha safu nzima ipewe umbizo la [h]:mm:ss. Mabano hayo ya mraba ni muhimu mno. Bila hayo, jumla ya saa 26 na dakika 10 itaonyeshwa kama 2:10:00, kwa kuwa kila ikifika 24 saa huanza upya. Thamani iliyo ndani ya seli haijaharibika, ila anayesoma ankara haoni ndani ya seli.

Likabaki suala la kukaza dakika, yaani kupandisha sekunde zinazozidi hadi dakika nzima. Video tatu za sekunde 61, kila moja ikikazwa juu peke yake, ni dakika 6. Zikijumlishwa kwanza ni sekunde 183, yaani dakika 4. Tunajumlisha kwanza, kisha tunakaza juu kwa Math.ceil mara moja mwishoni, na ankara inalitaja hilo juu ya mstari wa jumla, kwa sababu wateja wawili walikwisha kuuliza.